Uwanja wa Magunia Nyuma ya Nyumba ya Mama

Ndugu zangu wa kanisa hili, nitaongea nikiwa nimekaa, na mnaona sababu. Naitwa Dorka Awino. Wengi wenu mlinikuta tayari kwenye kiti hiki cha magurudumu. Hamkuniona nikikimbia. Shuleni nilikuwa mfungaji katika mpira wa pete, na hata baada ya kuolewa Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, nilipanda mlima na debe la maji kichwani bila kulishika.

Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru. Nilikuwa nikiwapelekea maji wanawake waliokuwa wakiosha mchanga wa dhahabu. Nilipita kando ya shimo lililoachwa wazi, udongo ukamomonyoka, nikaanguka chali hadi chini. Sikusikia maumivu makubwa kama mnavyodhani. Niliona mguu umepinda chini yangu, nikajiuliza ni wa nani.

Hospitalini daktari alinidunga sindano kwenye unyayo. "Unasikia?" Sikusikia. Akadunga goti. Sikusikia. Niliposema ndiyo, sindano ilikuwa imefika kwenye kitovu.

"Mama, uti wa mgongo umevunjika," akasema. "Miguu haitarudi."

Mkojo ulinitoka bila mimi kujua. Halafu vikaja vidonda vya kulalia. Kimoja, kwenye tako, kingeweza kumeza ngumi, na ndani mfupa ulionekana. Kwa harufu yake mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani. Homa ilipanda hadi nikaomba nife.

Mume wangu alikuja mara tatu. Mara ya tatu hakuketi.

"Mama Akinyi, nyumba haikai bila mwanamke. Nimeoa."

Binti yetu Akinyi alikuwa na miaka miwili. Nikamuuliza mume wangu, "Na mtoto?"

"Ana mama sasa."

Nilitaka kumrushia bakuli la uji. Mkono haukuwa na nguvu. Uji ulinimwagikia mwenyewe.

Vidonda vilichukua miezi mingi kufunga. Siku ya kutoka, nilipewa kiti kikuukuu, na muuguzi mmoja mzee akaniambia, "Jinyanyue kwa mikono kila mara. Ukikaa tu kama jiwe, vidonda vitarudi, na vikirudi vitakuzika."

Mama yangu akanichukua kwake, Rangwe. Lakini udongo wetu mweusi, mvua ikinyesha, hunata kwenye magurudumu kama ugali mbichi. Nikabaki kitandani. Kidonda kikafunguka tena. Mama alikiona akinigeuza. Alilia kidogo, akapangusa uso.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, "ulipokuwa mzima, mikono yako ilipenda nini?"

"Kurusha mpira."

Kesho yake aling'oa sukuma wiki zote nyuma ya nyumba yake. Kaka yangu Okech akaja. Baba alikuwa ameshafariki, naye ndiye aliyejiona mwenye boma.

"Mama, unapanda nini hapa?"

"Sipandi. Natengeneza uwanja wa Dorka."

Akacheka. "Binti aliyeolewa hajengewi kwa babake. Tena kiwete atacheza nini?"

"Ukitaka kuniuliza, shika jembe kwanza."

Hakulishika. Mama alisawazisha ardhi peke yake. Mimi nilipondaponda udongo wa kichuguu nikiwa nimekaa. Wanawake wa kanisani walibeba murram, ule udongo wa changarawe wa barabarani, kwa karai, tukaishindilia kwa vipande vya magogo. Kizingiti cha mlango wa nyuma tulikivunja, tukaweka mteremko. Mvua ya kwanza ikatushinda: magurudumu yaliteleza, nikapinduka. Ndipo mama akashona magunia makuukuu ya katani, tukayaloweka kwenye udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, tukayatandaza na kuyapigilia vigingi. Yalipokauka, kiti kilisimama imara. Fundi wa vyuma akatupa pete ya pipa bovu, tukaifunga kwenye nguzo fupi.

Siku ya kwanza nilirusha mara kumi, sikufunga hata moja. Nilitapika kwa uchovu. Mama, na umri wake ule, aliufuata mpira kila ulipokwenda. Lakini kufikia mavuno niliweza kujinyanyua na kukaa hewani nikihesabu hadi hamsini. Kidonda kikafunga. Wasichana wa jirani wakaanza kuja kucheza. Leo Okech huwaonyesha wageni "uwanja wetu."

Akinyi alipofika miaka sita, babake alipitia kwetu akielekea mazishini Asumbi, akiwa naye. Mtoto alisimama pembeni. Nikamrushia mpira, akaudaka. Tulicheza hadi akatoka jasho. Kisha akaniuliza, "Wewe ni nani wangu?"

"Mimi ndiye niliyekuzaa."

Akamtazama babake. Babake akasema, "Twende, mama yako anangoja barabarani." Akinyi akaniwekea mpira mapajani, akamfuata.

Mwenye mgonjwa wa mgongo nyumbani, nisikilize. Mgeuze mara kwa mara. Kagua makalio yake kwa macho yako, usione haya. Mpe maji ya kutosha. Vunja kizingiti apite, usingoje ukoo ukubali. Na wewe uliyelala, mikono yako bado ina kazi.

Vidonda nimepona. Uchungu sijapona, na sitawadanganya kanisani. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama yangu. Wale walioniumiza nitawaombea siku nitakapoweza.