Nilitoka bucha ya Majengo nikawa nesi wa maternity, na mizani ikanifuata

Wakuu, habari zenu huko mliko. Mimi ni wa kusoma tu hapa, lakini leo wacha niweke yangu. Kama kuna mtu wa Meru humu atanitambua, basi anitambue tu, maana sijaongeza chumvi.

Nilikuwa muuza nyama. Majengo, Meru, bucha ndogo karibu na msikiti.

Kisu, gogo, mizani na mdomo. Na kwa hiyo kazi mdomo ndio kila kitu. Mteja akikasirika unampoza huku unapima.

Sasa siku moja mchana bibi yangu, Mama Zuhura, akaniletea chakula na tumbo lake kubwa. Hakurudi nyumbani. Uchungu ulimshika pale pale nyuma ya bucha.

Jirani yetu mmoja, mama mzee ambaye alikuwa mkunga zamani, akaja mbio. Akaniambia nivue hiyo dustcoat ya damu, ninawe mikono, nimshike bibi yangu mgongo na niache kutetemeka.

Mbele kwa dirisha mteja anauliza kama kuna maini.

Mtoto akalia. Mimi nikalia kumshinda, na sioni haya kusema.

Tangu hiyo siku nikikata nyama akili haiko. Grade zangu za form four zilikuwa zinatosha, zimelala tu kwa kabati. Nilipomwambia Mama Zuhura nataka kusomea unesi, aliendelea kuchagua mchele.

Halafu akasema, "Enda. Bucha nitashika mimi. Lakini ni mara moja tu. Nisisikie ati unarudia."

Ndio huyo mimi na mvi zangu, chuoni upande wa Embu na watoto wa juzi. Waliniita Guka, yaani babu. Lecturer wa kwanza alidhani nimeleta binti yangu kujiandikisha.

Vitabu vilikubali. Shida ilikuja labour ward.

Kila mwanafunzi lazima azalishe akina mama, sista akimsimamia. Na mama ana haki ya kukukataa. Wakuu, mimi nilikataliwa vizuri sana. Huyu anataka mwanamke, yule anasema nafanana na shemeji yake. Wenzangu wanamaliza, mimi nakunja mashuka.

Sista msimamizi akaniambia wazi, "Wiki ikiisha hujazalisha hata mama mmoja, unarudia placement yote."

Nikaona uso wa Mama Zuhura na ule mchele. Usingizi ukaisha.

Ijumaa asubuhi, siku ya mwisho, akaletwa mama kutoka Ishiara, upande wa Mbeere, amesindikizwa na mama mkwe wake. Yule cucu, yaani nyanya, kuniona tu, akakunja mikono kifuani.

"Mwanaume hapana."

Sikubishana. Nilikuwa nimeshageuka kutoka niliposikia sauti kitandani.

"Ngoja. Wewe si Baba Zuhura wa bucha?"

Kumbe ni Kagendo. Kabla aolewe huko Mbeere, kila Jumamosi alikuwa anatumwa kwangu kununua nyama, na kila Jumamosi tunagombana. Nikasema moyoni, sasa imeisha kabisa.

"Ulikuwa unanipea mifupa," akasema.

"Nilikuwa nakupea mbavu. Mbavu ina mfupa, Kagendo. Si mimi niliuweka."

"Mama alikuwa ananigombeza juu yako."

Uchungu ukaja, akanikamata mkono nikadhani vidole vinabaki kwake. Ulipopita, akaendelea pale pale alipoachia. Cucu anatuangalia, haamini.

"Cucu, huyu abaki," Kagendo akamwambia. "Mimi na yeye tuko na kesi."

Basi hiyo kesi ilisikizwa asubuhi yote. Uchungu ukija namwambia pumua, namsugua mgongo. Ukienda, ananishtaki. Mara siku ya matumbo, mara siku ya Krismasi. Najitetea. Sista amesimama nyuma yangu anajikaza asicheke.

Mwishoni kesi ikaisha. Kagendo akaanza kulia, akasema hawezi tena. Hapo niliacha mzaha.

"Kagendo, niangalie. Miaka yote ulinishinda kwa ile dirisha. Hata hii utashinda. Sukuma."

Akasukuma. Akatoka msichana, amekasirika kama mamake. Niliangalia mikono yangu, haikuwa inatetemeka.

Cucu akapiga vigelegele mpaka wodi ya pili wakajibu.

Nikambeba mtoto kumpeleka kwa mizani. Kagendo hana nguvu hata ya kuinua kichwa, lakini akasema, "Cucu, enda usimame hapo. Huyo mtu usimwachie mizani peke yake."

Na cucu akaenda kweli. Akainama, akaangalia mshale, akaniangalia mimi, akaangalia mshale tena.

"Leo amekupimia vizuri," akasema.

Sista akanipitisha hapo hapo. Nikampigia Mama Zuhura nikamwambia sirudii. Nikasikia anavuta kamasi, halafu akaniambia nisimwambie mtu.

Nilichojifunza ni hiki: ukianza upya ukiwa mtu mzima, usione aibu na kazi uliyotoka nayo. Mimi nilifikiri nimeacha mdomo wangu Majengo, kumbe ndio ulinipitisha.

Mwenye anataka kubadilisha kazi na anaogopa umri, tuongee hapo chini, nitajibu nikitoka shift. Na kama uliwahi kununua nyama kwangu, mambo ya mifupa peleka kwa Mama Zuhura. Siku hizi hiyo mizani ni yake.