Bunduki ya Kumzikia Kasimiri

Babu yangu Albano ni mchonga vinyago, tunakaa Bunju. Sikio lake la kulia lilikufa zamani, la kushoto halisikii mpaka upaze sauti. Kilicholiua ni shotigani yake mwenyewe, ya mitutu miwili, aliyoachiwa na baba yake huko Newala, ambaye naye aliipata kwa mzungu wa shamba la mkonge. Hakuna anayejua ina miaka mingapi. Leseni anayo, ila mie tangu nizaliwe sijawahi kusikia mlio wake.

Ujanani alikuwaga anawinda nguruwe pori na rafiki yake Kasimiri. Babu alipiga, Kasimiri alisikiliza, maana ndiye aliyejua mnyama yuko upande gani wa majani. Waliahidiana kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atampigia bunduki kaburini, ndivyo wawindaji wa kijijini kwao walivyokuwa wakizikana. Baadaye wote wakaja Dar. Kasimiri akawa mlinzi wa magodauni huko Wazo, na kila Jumapili baada ya misa alikuja kwetu kubishana na Babu juu ya nguruwe waliouawa kabla mama yangu hajazaliwa.

Mwezi wa sita Kasimiri akafariki, presha. Kesho yake asubuhi mwanawe mkubwa, Stephano, akaja kwetu, macho mekundu.

"Shikamoo baba mkubwa. Kesho mchana tunazika. Polisi wamekubali mlio mmoja, askari atakuwepo. Wazee wetu wote wanaingoja hiyo bunduki."

"Italia," Babu akasema.

Bibi Yustina alikuwa anachambua mchicha mlangoni. "Ilie wapi? Chuma hicho kinanizidi umri, na mie mwenyewe magoti yameshagoma."

"Yenyewe naipakaga mafuta. Wewe ukiambiwa upakwe unakataa."

Stephano akacheka, halafu akakumbuka msiba, akaaga.

Alipoondoka, Babu akatandika mkeka uani, akaifungua bunduki vipande viwili. Akaielekeza mitutu kwenye mwanga, akachungulia ndani muda mrefu. Kutu ilikuwa imechimba vishimo, akasema, ila vishimo peke yake havimtishi. Kisha akaitundika mitutu kwa kamba kwenye boriti ya kibanda chake cha kuchongea.

"Njoo Noela. Macho yangu yanatosha, masikio hayatoshi."

Akanieleza. Mtutu mzima ukiugonga unalia kama kengele ya kanisa, sauti inabaki hewani. Wenye ufa, au ulioachia pale ulipounganishwa na mwenzake, unakata papo hapo kama debe bovu. Ukipiga risasi na mtutu wa namna hiyo, unapasuka na kuondoka na mkono wa kushoto, ule unaoushikilia. Mkono wa kushoto ndio Babu anaoshikia patasi.

"Si upeleke kwa fundi wa bunduki?" Bibi akauliza.

"Fundi naye ataugonga tu."

Akachukua kinyundo chake cha mpingo, akagonga. Tok.

"Inalia?"

"Inakata, Babu."

"Sogea. Labda upepo."

Upepo haukuwepo. Nikasogea mpaka shavu likakaribia chuma. Akageuza kamba, akagonga juu, akagonga katikati, akagonga chini, kila akigonga ananiangalia mdomo. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri kuitwa jina. Neno "inalia" ni fupi, lilikuwa limeshafika ulimini. Nikautazama ule mkono wa kushoto, na makovu yake ya patasi.

"Inakata, Babu. Kote inakata."

Akaketi chini. Bibi akaacha mchicha wake.

"Angekuwepo Kasimiri angenisikilizia," Babu akasema. Akaweka kinyundo chini, akaongeza, "Naye angesema inakata."

Kesho yake tulikwenda makaburini mikono mitupu. Babu alivaa koti lake la misa. Stephano akatupokea njiani, akaangalia nyuma yetu kama kuna mtu anaibeba.

"Iko wapi?"

"Haipigiki," Babu akasema kwa sauti, wote wasikie. "Nimeigonga, nimeisikia mwenyewe. Mtutu umekufa."

Hakunitaja. Wazee wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kaisikia kwa sikio gani huyu? Aseme tu kaogopa." Wakaguna. Yule askari akarudi kwenye simu yake.

Katekista alipomaliza sala watu hawakushika makoleo. Walisimama wakimtazama Babu, hata waliosikia kwamba bunduki haikuja. Babu alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza, nadhani alikuwa anaongea na Kasimiri. Mwisho Stephano mwenyewe akachota udongo, akautupa, na wengine wakafuata.

Tulipokuwa tunatoka Stephano akatupita. Akasimama kulia kwa Babu, upande wa sikio lililokufa, karibu kabisa, akasema taratibu, "Baba yangu angekupigia wewe, hata ingempasukia usoni." Akaendelea na safari yake.

Babu akanigeukia. "Kasemaje?"

"Kasema asante kwa kuja, baba mkubwa."

"Eeh." Akatikisa kichwa polepole. "Yule ni mtoto wa Kasimiri kweli."

Akainua mkono akampungia Stephano, ambaye alikuwa ameshatugeuzia mgongo.