Mita Arobaini za Bibi

Alhamisi nilikuwa kwenye duka la marumaru pale Usa River, mtoto mgongoni, nyuma ya bibi mmoja aliyeteremka kutoka Nkoaranga. Alimpa muuzaji karatasi ya fundi wake: chumba futi kumi kwa kumi na mbili, marumaru mita za mraba arobaini.

"Leo nipe nusu, mwanangu," alisema. "Hela ya ndama imeishia hapo. Kesho namuuza na mama yake."

Muuzaji aliisoma karatasi mara mbili. "Bibi, hii arobaini fundi kaitoa wapi?"

"Futi tatu si ndiyo mita moja? Mia na ishirini kagawanya kwa tatu."

Muuzaji akatoka nyuma ya kaunta, akachora kwa chaki sakafuni mraba wa mita moja kila upande. Ndani yake akapanga marumaru za futi moja moja, safu tatu, kila safu tatu. Zikaingia tisa, na nafasi ikabaki ya karibu mbili nyingine.

Nilishtuka hadi mtoto akaamka.

"Bibi, unahitaji mita kumi na mbili tu, pamoja na za kuvunjika," muuzaji alisema. " Hela ya ndama inatosha na inabaki. Ng'ombe mwache akamuliwe."

Bibi akakaa juu ya boksi, mkono mdomoni. "Jamani! Maziwa ya wajukuu!"

Muuzaji yule alijipunguzia biashara kwa mdomo wake mwenyewe, na angenyamaza hakuna ambaye angejua. Mimi nisingejua. Kwenye kikaratasi changu, cha chumba cha watoto, nami nilikuwa nimegawanya kwa tatu.