Ukuta wa Chumba cha Maya

Boniface alikuwa fundi ambaye hata Waswidi, watu wagumu wa kusifu, walimsifu. Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kuzizuia nyumba za Stockholm zisivujishe joto. Anabandua mbao za ndani, anajaza sufi ya kuzuia baridi, anatandaza plastiki juu yake, kisha kila kiungo cha plastiki anakibandika utepe hata pumzi isipite. Pumzi ndiyo adui. Ikipenya ukutani ikakutana na baridi ya Januari, inageuka maji, na nguzo za mbao zinaoza bila mtu kuona.

Rafiki yake Jonas, waliyetoka naye Mbeya kuja kusomea ufundi, alinunua nyumba kuukuu huko Upplands Väsby, nje ya Stockholm. Wakakubaliana kuitengeneza wenyewe kila Jumamosi mpaka ifikie masharti ya ujenzi. Ulikuwa umebaki ukuta mmoja tu, wa chumba cha binti yake Maya, Jonas alipoanguka kazini kwa ugonjwa wa moyo, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika.

Msiba ni msiba. Jioni ile ile watu walianza kuingia: Watanzania, Wakenya, Warundi, na Mama Emérithe, Mkongo, na masufuria yake. Wangekaa pale siku tisa kusubiri vibali vya kusafirisha mwili, na ukuta uko wazi, nje nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Utawaweka wapi waombolezaji? Boniface akachukua mbao akaufunga kwa saa mbili, huku analia. Plastiki aliitundika tu. Utepe hakubandika. Akajiambia ataufungua tena baada ya matanga.

Siku tisa watu walipika, wakaimba, wakalala chini kwa kubanana, na birika la chai halikuteremka jikoni. Madirisha yalitiririka maji. Mvuke wote ule wa kumpenda Jonas uliingia ukutani.

Matanga yakaisha. Sasa mwambie mjane, ambaye hata kula hajaanza vizuri, kwamba unataka kumbomolea nyumba upya! Boniface alishindwa. Na ile fomu ambayo fundi hujikagua mwenyewe, Waswidi wanaiita egenkontroll, aliijaza yote kana kwamba utepe umebandikwa, akatia sahihi. Manispaa ikaridhika. Yeye aliiita huruma. Mimi naiita woga.

Ikapita miaka minne. Kila Krismasi alikula kwa Veronica, mjane wa Jonas, huku akimsikia Maya anakohoa chumbani. Alikuwa akimletea asali.

Februari hii daktari akataka nyumba ichunguzwe. Veronica hakutaka fundi mwingine. "Njoo wewe, shemeji," alisema kwenye simu. "Wewe ndiye unayeijua nyumba hii."

Boniface alisogeza kitanda cha Maya, akabandua ubao wa kwanza. Harufu ikampiga usoni. Sufi ilikuwa nyeusi, imelowa, na nguzo ilimeguka mkononi kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Veronica alikuwa nyuma yake. Naye aliiona.

"Huu ndio ukuta aliokuwa akiutengeneza Jonas wiki ile aliyokufa," alisema. "Siku zote na haraka zake! Kumbe mtoto wangu anaugua kwa uzembe wa baba yake."

Jonas yuko kaburini Mbeya, hawezi kubisha. Ilikuwa rahisi mno. Boniface angeitikia kwa kichwa tu, na habari ingeishia hapo. Aliona aibu kwa jinsi alivyotamani kuitikia.

"Jonas hakuufunga," alisema. "Niliufunga mimi, siku ya msiba, bila utepe. Nilitaka kuufungua baadaye."

"Ukasahau?"

"Hapana, Mama Maya. Sikusahau."

Veronica alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kwa hiyo ulikuwa unakaa mezani kwangu," alisema polepole, "unamsikia anakohoa, na unajua."

Boniface alikiweka sakafuni kile kipande cha nguzo.

"Na asali unaleta."

Maya, mwenye miaka tisa, alikuwa amefika mlangoni na dawa yake ya kifua, ya kuvuta kwa mdomo, mkononi. Akauliza kwa Kiswidi kama anko Boni amekuja kumtengenezea chumba chake.

Mama yake akamjibu kwa Kiswahili.

"Anko anaondoka."