Pasi Juu ya Mkeka wa Mgeni

Moshi wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi, lakini harufu yake ilijaza chumba kizima. Fundi Pindo aliinua pasi, na mkeka wa mgeni ukainuka nayo, umeing'ang'ania kama mtoto anayekataa kuachwa shuleni siku ya kwanza.

"Mungu wangu," alisema. "Nimekwisha."

Huyu Fundi Pindo ni mshonaji wa nguo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hawezi kuona pindo limekwenda upande akanyamaza. Anaweza kukusimamisha barabarani, akapiga goti na kukubana suruali kwa pini huku watu wanapita na kucheka. Miaka ya kuinamia cherehani ilimharibu mgongo, mpaka muuguzi mmoja akamshauri ajaribu yoga katika ukumbi wa shule jirani. Mwanzoni alicheka. Watu wazima walale chini wasikilize pumzi zao? Lakini mgongo ulipoanza kulegea, akawa haambiliki tena. Hata akisubiri pasi ipate moto, husimama kwa mguu mmoja.

Kikundi chao cha yoga kilikuwa na mpango wa kubadilishana wageni na kikundi cha nchi nyingine. Mgeni anakuja, analala kwako, mnafanya mazoezi pamoja. Baadaye zamu inageuka, unakwenda kulala kwake. Fundi Pindo, ambaye hakuwahi kulala nje ya mji wake isipokuwa msibani, alikuwa ameshajishonea begi la safari, lenye mifuko hata mahali pasipohitaji mfuko.

Mgeni wake alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mrefu na mpole. Kiswahili alijifunza kwa kusikiliza redio, kwa hiyo akiomba chumvi utadhani anasoma taarifa ya habari. Jioni ya kwanza alikunjua mkeka wake wa yoga, wa mpira wa kijani, na kumwonyesha mahali palipochakaa: alama mbili za viganja, mbili za nyayo.

"Baada ya ajali," alisema, "hapa ndipo nilipojifunza kusimama upya."

Fundi Pindo alimwonea huruma kwelikweli. Ila macho yake hayakuwa na adabu, yalikuwa yameshaona kona. Kona mbili za mkeka zilikuwa zimejikunja kwa juu, na tangu siku ile hazikumpa raha. Leo asubuhi mgeni alipotoka kwenda mkutanoni na kuuacha mkeka, fundi akaona hii ndiyo nafasi ya kumtendea wema. Akatandaza kitambaa chenye unyevu juu yake, kama anavyofanya kwa suti nzito, akakandamiza pasi. Kitambaa kikateleza. Mpira si suti.

"Wifi! Unachoma nini huko?" Sauti ilitoka upande wa pili wa pazia, ambako dada wa mumewe husuka nywele. Alichungulia, chanuo mkononi, akaziba pua. "He! Huo si mkeka wa mgeni?"

"Nyamaza, watu watasikia."

"Watu wameshanusa, kusikia kuna nini? Sema ni panya."

"Panya gani anayepiga pasi?"

"Basi msingizie kaka yangu. Yeye ameshazoea kulaumiwa."

Fundi Pindo alicheka kidogo, halafu machozi yakamlengalenga. Pasi ilikuwa imekula alama ya kiganja cha kushoto, ile ile aliyoonyeshwa. Nani atamkaribisha nyumbani kwake mtu anayechoma vitu vya watu? Akilini alimwona mgeni akirudi kwao na kuwaambia wenzake. Aliliona begi lake likining'inia msumarini mpaka lijae vumbi.

Alizunguka madukani, hakupata mkeka wa kufanana. Akarudi, akatafuta kipande cha kijani, akakishona juu ya tundu kwa mishono midogo kiasi kwamba ungehitaji miwani kuiona. Lakini rangi ilikataa kufanana. Mchana huo alimshonea mteja mkono wa shati nje ndani, akafumua, akaukosea tena.

Mgeni aliporudi, alisema kwa sauti yake ya redio, "Habari za mchana, dada yangu." Fundi alijibu nzuri. Mkeka ulikuwa umeviringishwa, kiraka kiko ndani kabisa. Mgeni akauweka kwapani, wakaondoka kwenda mazoezini. Njia nzima fundi alifungua mdomo aseme, akajikuta anasifia hali ya hewa. Na jua lilikuwa kali kupita kiasi.

Ukumbini, mgeni aliinama akunjue. Fundi akamshika mkono.

"Subiri, dada. Nimeuchoma. Nilitaka kunyoosha kona, kwa pasi. Sikukuuliza."

Mgeni alikunjua, akaweka kiganja juu ya kiraka. Kisha akauviringisha mkeka, akausimamisha ukutani, akasimama kwenye sakafu tupu.

Mazoezi yakaanza. Walipofika kwenye mkao wa kusimama kwa mguu mmoja, mguu wa mgeni, ule wa ajali, ulianza kutetemeka. Sakafu ilikuwa inateleza. Fundi alikuwa haoni kitu kingine ila ule mguu. Aliburuta mkeka wake mpaka nusu ikawa mbele ya mgeni. Mgeni hakumtazama. Lakini alikanyaga.

Sasa walikuwa wawili juu ya mkeka wa mtu mmoja, mabega yanagongana. Fundi, kwa wasiwasi, akayumba. Mkono wa mgeni ukamdaka kiwiko.

Mwishoni walilala chali, wamebanana.

"Bado nina hasira," mgeni alinong'ona. "Itaendelea hadi kesho."

"Haki yako, dada."

"Na ukija kwangu..."

Fundi alizuia pumzi.

"...pasi nitaifungia kabatini."

Pumzi ikamtoka yote, kwa kishindo, mpaka watu wakageuka. Alipogeuza shingo, aliona suruali ya mgeni imefumuka pindo kwenye kifundo. Vidole vikamwasha. Akaviminya tumboni.

"Dada, pindo lako limefumuka. Naruhusiwa?"

Mgeni alifumba macho.

"Kesho," alisema.