Nilimchora marehemu wa Usoke kwa tablet, mume wake akaniuliza huyu ni nani

Wakuu, salamu kwenu nyote, wakubwa shikamooni. Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa, na sehemu inayonivua nguo nimeiacha kama ilivyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Tabora. Niliondoka na begi moja la mgongoni, nikabeba mizigo Kariakoo mchana, jioni darasani, mpaka nikapata diploma ya usanifu wa michoro. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nimerudi nyumbani na tablet yangu na stylus, ile kalamu ya kuchorea juu ya kioo.

Sasa watu wa mtaani kwetu.

Mtu hajashika penseli ya rangi tangu darasa la tatu, lakini akikuona unachora kwenye kioo anageuka mtaalamu. "Aah, si mashine inachora hiyo?" Nilimpa mmoja ajaribu, maana labda yeye ingemchorea. Alichora yai. Akasema ni kuku.

Kinara wao ni fundi Shabani, mchora mabango. Kila kinyozi wa Ng'ambo ana kichwa alichochora Shabani ukutani, na vichwa vyote vina shingo ya twiga. Huyo ndiye aliyeniambia mbele za watu, "Msomi, wewe unashikilia tu. Fundi ni mashine."

Watu wakacheka. Nikawadharau wote, yeye wa kwanza.

Wiki hiyo hiyo akanijia Mama Kulwa, dada anayeuza vitenge sokoni. Kwao ni Usoke. Mama yake alifariki mwaka jana na misa ya kumbukumbu ilikuwa imekaribia. Picha pekee iliyobaki ni ya kadi ya kupigia kura, imefubaa, unaona kilemba na kivuli.

"Kaka, macho ya baba yanafifia," akasema. "Nataka amwone mama mara moja, akiwa bado anaona. Utaweza?"

Nikamwambia, dada, unaongea na mtu mwenye diploma.

Alinielezea sura, nikachora. Kwa wasiojua, kuna kitufe cha ulinganifu. Unachora nusu ya uso, nusu ya pili inajitokeza yenyewe. Jicho moja likawa mawili. Nusu ya mdomo ikawa tabasamu zima. Nikamaliza haraka, kazi safi, imenyooka utadhani nilipiga rula. Mama Kulwa akaiangalia sana, akasema, "Amependeza." Nikachukua sifa. Leo najua alikuwa ananionea haya.

Tukapanda basi hadi Usoke. Mzee tulimkuta nje ya bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, anachambua majani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndiye mchoraji mwenyewe?"

Akaishika tablet, akaisogeza mpaka karibu na pua.

"Mzuri," akasema. "Huyu ni nani?"

Mama Kulwa akageukia ukuta.

Mimi na diploma yangu nikataka kuyasingizia macho yake. "Baba, labda ni mwanga wa jua..."

"Mwanangu, macho yangu mabaya, lakini mke wangu namjua. Huyu anacheka mdomo mzima kama tangazo la dawa ya meno. Mke wangu alikuwa anacheka upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa unanikagua mimi."

Mama Kulwa akacheka huku analia.

Na mimi, wakuu, nikamsikia Shabani kichwani. Nusu ya uso ule sikuwa nimeichora. Ilichorwa na mashine.

Nikazima kile kitufe. Nikafuta upande wa kushoto wote, nikakaa juu ya gunia, nikamwambia mzee aseme. Jicho la kushoto dogo kidogo. Nyusi imepanda. Shavu limekaza, kama mtu anayesubiri umalize uongo wako.

"Na hapa," akasema, "palikuwa na kimfereji kinashuka hivi."

Akagusa kioo. Sikuwa nimeiweka tablet ikatae kidole, kwa hiyo mstari ukatokea, umepinda, kutoka puani hadi kwenye kona ya mdomo. Nikapeleka mkono nifute. Mama Kulwa akanidaka kiganja.

"Kaka, usifute! Ndiye huyo."

Mzee akaisogeza tena karibu na pua. Hakutuangalia sisi. Akaiambia ile picha taratibu, "Umekaa sana huko."

Tuliichapisha, ikasimama kwenye fremu mbele ya altare siku ya misa. Watoto wake wote wanasema mstari wa shavuni ndio uliomleta mama yao. Mstari huo sikuuchora mimi, na nimewaambia.

Nilichojifunza: ninyi wenzangu mnaochora sura za watu kwa kitufe cha ulinganifu ni wavivu, na nawaambia nikiwa nimetoka huko juzi tu. Hakuna binadamu mwenye nusu mbili sawa. Hata zile shingo za Shabani, mbaya zote, lakini kila moja amekosea kwa mkono wake mwenyewe. Hilo sijamwambia, na mkimwambia nitakana.

Wenye stylus mje hapa. Nani amewahi kumchora mtu asiye na picha, na alianzia wapi? Na ninyi mnaosema mashine inachora, mnakaribishwa pia. Ila njooni na kuku kwanza.