Kijiko Kimoja kwa Kila Chungwa

Hakuna kilichompandisha hasira Mama Machungwa kama mteja anayepekua fungu lake sokoni akitafuta chungwa kubwa.

"Weka chini!" alimfokea seremala mmoja. "Kila chungwa linapewa kijiko kimoja cha utamu likiwa bado ua. Likinenepa, limeongeza maji tu. Wewe ukitia kijiko kimoja cha sukari kwenye ndoo ya chai, utainywa?"

"Mbona tikiti ni kubwa na tamu, mama?"

"Tikiti limelala chini, halichoki. Chungwa linaning'inia!"

"Na kidonge cha dawa? Kidogo, cha mviringo, lakini kichungu kama nini."

"Kidonge kimeota kwenye mti gani? Usinichezee akili!"

Seremala akalipia madogo, akaenda zake.

Jioni nyumbani, mumewe alileta sahani yenye machungwa mawili yaliyobaki. Mkono wa Mama Machungwa ukaenda moja kwa moja kwenye lile kubwa. Mumewe akakohoa kidogo.

"Unakohoa nini?" aling'aka, huku kisu tayari kikilimenya. "Tangu unioe nakuachia dogo lenye utamu, najitwisha mimi hili la maji, na hata siku moja hujasema ahsante!"